Mintarafu ya Deni la Chuo

Jambo nililokusudia kulizungumza nanyi jioni hii ni deni, na katika madeni yote nimechagua moja tu, lile analotoka nalo kijana chuoni pamoja na shahada yake, akarudi nalo nyumbani, na aghalabu asimwambie mtu. Shahada huonyeshwa wageni, hupigiwa picha, hutundikwa ukutani sebuleni. Ilhali hesabu ya mkopo hukaa katika vitabu vya Bodi ya Mikopo bila ya mtu kuitaja, mpaka siku mwenyewe atakapokwenda benki kuomba fedha ya kununulia pikipiki au kiwanja, akaelezwa kwa adabu kwamba jina lake lina doa na ombi lake halikukubaliwa.

Mkoa wetu huu wa Kagera, uliomtoa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuvikwa ukadinali, mwaka 1960, hauhitaji mtu wa kuja kuufundisha thamani ya shule. Wazee wetu waliuza kahawa kwa ajili ya karo kabla hawajafikiria bati la nyumba, na wale ambao kahawa yao ilikuwa bado mtini wakaingia katika butura, mnayoijua vizuri kuliko niwezavyo kuieleza: mzazi anabanwa na karo mwezi wa Januari, mavuno ya kahawa yako mbali katikati ya mwaka, basi humwendea mwenye fedha akamwuzia mazao ya mibuni yake ingali katika maua, kwa bei aliyoipanga mnunuzi, na msimu ukiwadia mwenye shamba hana haki hata ya debe moja la buni alizozipalilia kwa mikono yake. Serikali imeipiga butura marufuku mara nyingi na bado ipo, kwa sababu haja iliyoizaa ipo. Nimeitaja kwa kuwa naona kijana wa miaka 20 anayejaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu yumo katika hali ya mwenye mibuni yule: anauza sehemu ya mshahara ambao bado haujachanua, hajui utakuwa kiasi gani, wala hajui kama utakuwapo. Tofauti iliyoko, nayo ni kubwa, ni kwamba mwenye butura hana mahali pa kuuliza hesabu yake, na aliyekopeshwa na Bodi anapo mahali hapo, anayo haki ya kuuliza, na sheria yenyewe imeandikwa. Na kilio changu cha leo ni kwamba hatuulizi.

Tuanze na asili ya jambo. Kabla ya mwaka 1992, kijana wa hapa aliyejaliwa kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Sokoine kule Morogoro, alilipiwa na Serikali masomo, chakula na malazi, na hata nauli ya safari ile ndefu ya kuvuka ziwa kwa meli hadi Mwanza na kuendelea kwa garimoshi. Sera ya uchangiaji ilipoanza Januari mwaka 1992, nauli ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kurudishwa mabegani mwa mzazi, jambo lililotuumiza sisi wa pembezoni kuliko watu wa Kibaha au Chalinze. Kisha mwaka 1994 ikaja zamu ya chakula na malazi, na Wizara iliyosimamia elimu ya juu ikaanza kutoa mkopo kwa asiyeweza. Walakini mkopo ule ulitolewa bila ya kuwapo chombo madhubuti cha kuukusanya, na wengi walioupokea waliuhesabu kuwa ni hisani ya Serikali iliyobadilishwa jina. Ndipo Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanzishwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyofungua milango Julai mwaka 2005, ikapewa dhima mbili kwa pamoja, kukopesha na kudai, na ikakabidhiwa pia madeni ya wale wa mwaka 1994 na kuendelea. Kwa hiyo mzee mwenzangu mwenye mvi, uliyesoma katika miaka ile na ukadhani jambo limesahaulika, fahamu kwamba jina lako limo.

Sheria inamtaka mnufaika aanze kulipa baada ya kupewa muhula wa kujitafutia, nao sasa ni miezi 24 tangu kumaliza masomo. Mwajiriwa hukatwa katika mshahara: hapo awali asilimia 8, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwajiri amewekewa wajibu wake, na ningependa waajiri wa hapa wanisikilize: akimwajiri mhitimu ana siku 28 za kuiarifu Bodi, na akisha kukata fedha ana siku 15 baada ya mwezi kwisha za kuiwasilisha. Namjua mwalimu mmoja aliyekatwa kwa miaka na shule binafsi, kila mwezi akaiona namba katika hati yake ya mshahara, akalala usingizi wa mtu anayelipa; siku alipofungua hesabu yake akakuta haikupungua hata shilingi, kwa kuwa fedha ilikatwa na haikufika. Ilimpasa kuanza kukusanya hati za mshahara moja baada ya moja ili kuthibitisha kwamba amelipa, na zile za mwaka wa kwanza hakuzihifadhi. Dhuluma ya namna hii hugunduliwa na mwenye kutazama tu, na mwajiri asiyeogopa sheria humwogopa mfanyakazi mwenye kutazama.

Sasa nije kwenye msamaha, neno ambalo najua wengi mlilingoja. Huko vijiweni husemwa kwamba Serikali imesamehe madeni ya wanafunzi, na wapo walioacha kulipa kwa kuyaamini maneno hayo. Ukweli ni huu. Tarehe 1 Mei mwaka 2021, katika sherehe za Wafanyakazi zilizofanyika Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni kwa jina la kulinda thamani ya mkopo, na mwaka huohuo ikaondolewa pia adhabu ya asilimia 10 iliyotozwa waliochelewa. Hayo ndiyo yaliyosamehewa. Fedha yenyewe aliyokopeshwa mtu, ada iliyopelekwa chuoni na ile fedha ya kujikimu ambayo wanafunzi huiita bumu, haikusamehewa hata kidogo; inadaiwa ilivyokuwa, pamoja na ada ya uendeshaji ya asilimia 1 inayotozwa mara moja.

Nisikiliwe vizuri hapa, kwa sababu msamaha ule ulikuwa mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na ukubwa wake hauonekani mpaka mtu aupige hesabu. Tuchukue mfano wa mwalimu ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 700,000 na deni lake ni shilingi 10,500,000. Asilimia 15 ya mshahara huo ni shilingi 105,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,260,000 kwa mwaka. Zama za tozo, asilimia 6 ya deni hilo kwa mwaka wa kwanza ilikuwa shilingi 630,000, nusu kamili ya yote aliyoyalipa. Mwalimu analipa miezi kumi na miwili, na deni linapungua kwa malipo ya miezi sita tu. Kwa mwendo ule angehitaji takriban miaka 12 kulimaliza. Leo, tozo ikiwa imeondoka, atalimaliza kwa malipo 100, nayo ni miaka minane na miezi minne, na lile moja la ada ya uendeshaji juu yake. Miaka ile mitatu na nusu na zaidi aliyoponywa ni miaka ya maisha ya mtu. Katika muda huo mtoto huingia darasa la kwanza akafika la nne. Ndiyo maana nasikitika kuona mtu aliyetendewa wema huo akiutumia kama sababu ya kujificha.

Kwa upande mwingine nakiri kwamba hoja ya mwenye kujificha ina mantiki yake. Husema: ikiwa tozo haipo na adhabu haipo, basi kulipa leo na kulipa baada ya miaka kumi ni mamoja, na shilingi ya wakati huo itakuwa nyepesi kuliko ya sasa, kwa nini nisingoje? Kama mambo yangekuwa yameishia hapo, ningekuwa na kazi ngumu ya kumjibu, na ningebaki na jibu la murua tu, kwamba fedha anayoizuia ndiyo ya mdogo wake anayengoja mwaka huu pale katika shule za sekondari za Ihungo au Rugambwa. Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa kuwa adhabu iliyoondolewa katika vitabu vya Bodi imehamia katika daftari jingine, nalo ni la taarifa za wakopaji.

Daftari hilo ni geni kwa wengi, basi nilieleze kwa utaratibu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2012, ikaanzisha kanzidata ya taarifa za mikopo, na baadaye zikapewa leseni kampuni mbili za kuzitunza na kuzitoa, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Kila benki inapomkopesha mtu hupeleka huko habari zake: nani, kiasi gani, analipa kwa wakati au amechelewa, na amechelewa siku ngapi, na kabla ya kumkopesha mtu mpya, benki hutazama huko kwanza. Bodi ya Mikopo nayo imo katika mtandao huo, na kwa sababu hiyo deni la chuo lililoachwa miaka saba linaweza kukaa katika ukurasa mmoja na mkopo wa benki, wa kikundi, na hata ile mikopo midogo ya simu mtu aliyoichukua usiku mmoja kwa shida ya dawa. Kampuni hizi hazimhukumu mtu. Huandika tu zilivyoletewa. Anayehukumu ni afisa wa mikopo aliyeko mbele ya meza, asiyekujua wewe wala baba yako, na ambaye hana kitu kingine cha kukupimia ila ule ukurasa.

Zamani za wazee wetu mkopeshaji alikuwa jirani, naye alimjua mtu kwa nasaba yake na kwa namna anavyokitunza kibanja chake. Migomba iliyopaliliwa na kutandazwa majani vizuri ilikuwa ithibati ya kutosha kwamba mwenyewe si mtu wa kukimbia. Ithibati hiyo haifiki Mwanza wala Dar es Salaam. Mimi siupendi sana mpango wa mtu kupimwa kwa ukurasa, na bado nasema tuujue, kwa sababu ndio unaotumika, na kwa sababu una upande wake wa haki ambao haujulikani: aliyeandikwa humo anayo haki ya kuomba taarifa yake aisome, na akiona kosa anayo haki ya kulipinga na kutaka lichunguzwe na kusahihishwa. Yule mwalimu niliyemtaja, ambaye fedha yake ilikatwa na haikuwasilishwa, ni mfano wa mtu anayeweza kuandikwa mdaiwa mbaya kwa taksiri ya mwingine. Na asipoomba kuisoma taarifa yake hatajua lolote mpaka siku ya kukataliwa. Fauka ya hayo, ukurasa huu huandika na mema. Anayelipa elfu hamsini kila mwezi bila ya kukosa hujijengea jina ambalo halimtegemei mjomba wala mbunge, na kwa kijana wa hapa Buhembe asiye na hati ya kiwanja cha kuweka rehani, jina hilo huenda likawa ndiyo mali yake ya kwanza.

Nimeona pia njia ya kuchapisha majina ya wadaiwa sugu magazetini, ambayo Bodi imewahi kuitumia, na sijapata kuridhika nayo. Aibu humsogeza mbele mwenye nacho asiyetaka kulipa. Ama asiye nacho, aibu humtia ndani, akazima simu na kuhama mji, na deni likabaki pale lilipokuwa. Hawa ni watu wa namna mbili, na chombo kinachowaita wote kwa jina moja hakitafaulu kwa wote wawili.

Tutazame kidogo wenzetu wanavyofanya, kwa kuwa jambo hili limeisumbua dunia nzima. Kenya walianzisha Bodi yao, HELB, mwaka 1995. Wao hutoza riba ya asilimia 4, wakamwongezea mchelewaji faini ya shilingi 5,000 za kwao kila mwezi, na wakawa wakali katika kupeleka majina kwa watunza taarifa za mikopo. Kisha wakaona faini zimepita uwezo wa watu, wakafungua mara kwa mara milango ya kusamehe sehemu kubwa ya faini kwa atakayeleta deni lake kwa mkupuo. Uingereza wamefuata njia nyingine kabisa: mhitimu halipi mpaka kipato chake kivuke kiwango kilichowekwa, hulipa asilimia 9 ya kile kilichozidi tu, muhula wa miaka ukipita, 30 kwa baadhi na 40 kwa walioanza masomo tangu mwaka 2023, kilichobaki hufutwa, wala deni hilo halionyeshwi katika taarifa za mikopo zitazamwazo na mabenki.

Na kwa kuwa tuna ndugu na watoto Marekani, baadhi yao wakiwa na mikopo ya serikali ya huko, niwaambie wazazi wao kwamba huko msamaha upo katika sheria, ila una masharti ya kuchosha. Tangu mwaka 2007 upo mpango kwa anayetumikia umma, kama mwalimu au muuguzi wa hospitali isiyo ya biashara: akilipa malipo 120 yanayokubalika, kilichobaki husamehewa, na wa kwanza walipoanza kuomba, mwaka 2017, karibu wote walikataliwa, aghalabu kwa kuwa walikuwa katika mkopo wa namna isiyohusika au mpango wa malipo usiohusika, wala hawakujua. Rais Biden alipotaka kusamehe kwa watu wote kwa pamoja, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimzuia tarehe 30 Juni mwaka 2023. Ulipaji uliosimamishwa wakati wa maradhi ya korona ulirudi mwaka huohuo, na Mei mwaka 2025 serikali ya huko ilirudia kuwadai kwa nguvu walioacha kulipa. Asiyelipa siku 270 huhesabiwa amevunja mkataba, na jina lake huharibika kwa watunza taarifa wote wakubwa. Basi mwanenu akisema kwenye simu kwamba deni la huko litasamehewa tu, mwulizeni kwa upole: kwa mpango gani, na umehesabiwa malipo mangapi?

Mimi katika njia hizi navutiwa na ya Waingereza kwa jambo moja tu, nalo ni kumtazama mtu kwa kile anachokipata. Na hapa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi kuliko wote. Sheria yetu imejengwa juu ya mshahara. Humo ndimo inamoona vizuri. Lakini hebu tutembee Buhembe tuwahesabu wahitimu wetu walipo: huyu ana shahada ya ualimu na anafundisha masomo ya jioni kwa malipo ya mkono kwa mkono, huyu ana shahada ya kilimo na analima vanila, yule ni wakala wa fedha za simu karibu na stendi, mwingine ana pikipiki isiyo yake anayopeleka hesabu jioni. Hawa hawana hati ya mshahara wala mwajiri wa kuwakata. Kwao Bodi huweka shilingi 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Na madhali wengi wao hawajawahi kukadiriwa kodi, kinachobaki mbele yao ni ile laki moja.

Sasa tuipime laki hiyo. Mwajiriwa mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 400,000 hukatwa 60,000. Ili mwajiriwa akatwe laki moja kwa asilimia 15, sharti mshahara wake uzidi shilingi 660,000. Kwa maneno mengine, kijana wa pikipiki ya kukodi amekadiriwa kuwa na kipato cha mtumishi wa cheo kizuri, na mwenye uhakika mdogo ameandikiwa kulipa zaidi ya mwenye uhakika. Sidhani kama aliyeiandika alikusudia kudhulumu; nadhani aliwaza wakili mwenye ofisi yake, au daktari mwenye zahanati, na hao laki moja si neno kwao. Lakini matokeo yake huku ni kwamba kijana akiitazama laki ile hujiambia haiwezekani, na kwa kuwa haiwezekani yote, halipi chochote. Na mwaka wa tatu huyo naye ni mdaiwa sugu, ingawa elfu ishirini kwa mwezi angeliweza na angelitoa kwa moyo mkunjufu.

Tena kipato chetu huku hakiji kwa mwezi. Kahawa huja kwa msimu. Vyama vya msingi hukusanya, mnada hufanyika, malipo hufika, na katika miezi ile michache fedha huonekana mpaka kwa fundi cherehani na mwuza mitumba. Kisha huja miezi ambayo hata mwenye shamba hununua chumvi kwa kukopa. Kumdai mtu wa namna hii kila mwezi kwa kiasi kilekile ni kumrudisha kwenye butura, akauze maua ya mibuni ili alipe deni la chuo. Ombi langu kwa Bodi, ninalolitoa hadharani na kwa heshima zote, ni kwamba iweke mpango wa malipo ya msimu kwa wahitimu walioko katika kilimo na shughuli zinazoambatana nacho: mtu alete sehemu kubwa kahawa inapolipwa, na miezi ya ukata asiandikwe mchelewaji katika daftari la wakopaji kwa kosa la kutokuwa na mvua ya fedha kiangazi. Na ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, nasi twafika huko kwa usiku mzima wa meli au siku nzima ya basi. Watumishi wake wakija kuweka meza hapa Bukoba na Muleba mjini kwa majuma machache ya msimu huo, watapata wadaiwa wengi zaidi kuliko watakavyopata kwa tangazo la gazeti.

Hata hivyo kijana asingoje mpango huo uje. Kwanza aitafute namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na mwaka aliomalizia, kwa sababu hesabu zote za Bodi zimefungwa katika namba hiyo. Wengi hudhani ni ya chuo, wakahangaika bure. Akiwa nayo, pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa, aingie katika mtandao wa Bodi, au aende kwa mwenzake mwenye simu nzuri, aombe taarifa ya deni lake aisome kwa utulivu: kiasi alichokopeshwa kila mwaka, kilicholipwa, kilichobaki. Aliyeacha chuo mwaka wa pili atazame kama hakuandikiwa mwaka wa tatu asiousoma. Aliyekuwa akikatwa alinganishe na hati zake za mshahara mwezi kwa mwezi. Akitaka kulipa mwenyewe huomba namba ya malipo, ile vijana waiitayo kontroo namba, akalipa benki au kwa simu. Na asimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu, hata awe amevaa kitambulisho shingoni. Asiyeweza laki moja aiandikie Bodi kabla hajadaiwa, aeleze kazi yake na kipato chake na kiasi anachokiweza, kisha aanze kukilipa kiasi hicho huku akingoja jibu, kwa kuwa mwenye kuonekana analipa kidogo ana la kusema mbele ya afisa yeyote.

Na wazazi, nyinyi mliotia sahihi kuwa wadhamini, mkabandika picha zenu na nakala za vitambulisho katika fomu ambazo hamkusomewa, mnayo haki ya kumwuliza mwanenu jambo hili mezani, bila ya ukali, kama mnavyomwuliza habari za afya yake. Nimeona nyumba ambamo baba hakujua kabisa kwamba kuna deni. Alidhani mwanawe alifadhiliwa kwa sababu ya akili zake, akawatangazia hivyo majirani, na kijana akashindwa kumvunja moyo. Miaka sita walikaa hivyo. Siku lilipojulikana, mzee hakukasirika hata kidogo. Aliuliza ni kiasi gani, akaambiwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema mkungu wa kila juma wa upande wa chini wa kibanja utakuwa wa Bodi. Fedha ya ndizi haikuwa nyingi, lakini deni lilianza kusogea, na kijana akapata mtu wa kuhesabu naye.

Mwisho ni kwa wale waliokwisha kumaliza au wanaokaribia. Deni likifika sifuri, omba barua ya Bodi ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, uihifadhi pamoja na shahada. Kisha, baada ya muda, omba taarifa yako kwa watunza taarifa za mikopo uhakikishe kwamba nao wameandika hivyo, kwa sababu madaftari haya mawili hayako mkononi mwa mtu mmoja. Mpelekee mwajiri nakala ya barua hiyo ili asitishe makato. Na kama makato yameendelea mwezi, miwili au mitano baada ya deni kwisha, kama ilivyowahi kuwatokea baadhi ya watu, fedha iliyozidi si ya Bodi wala si ya mwajiri, ni yako; andika barua, ambatanisha hati za mshahara za miezi hiyo, uidai irudishwe.